Kenge Anaweka Kamera Chini

Mwanangu anastaafu! Miaka ishirini na mitatu ya kupiga picha nyoka, kenge na vinyonga porini inaishia tarehe thelathini mwezi huu. Wala si uzee, maana mimi mama yake bado natia uzi kwenye sindano bila miwani. Macho yanamzimika.

Haya, habari zenu, wafanyakazi wa idara ya picha. Mmeniomba niandike wasifu wake, mkisema hakuna anayemjua zaidi yangu. Hapo hamkukosea.

Kazini mnamwita Kenge. Mtaani kwetu ukimwita mtu kenge mnashikana mashati. Yeye anaitika "Abee!" na kucheka. Siku ya kwanza kusikia nilitaka kuja kuwagombeza wote, akanishika mkono: "Mama, hiyo ni heshima."

Na ni heshima kweli. Nani mwingine ana binti wa kulala kifudifudi kwenye tope kutwa nzima, akingoja chatu apige miayo? Swila alimtemea sumu, ikaishia kwenye miwani. Akafuta, akaendelea kupiga. Wapo wanaodhani ndiyo iliyomharibu macho. Siyo.

Picha akizileta nyumbani, nilikuwa nakaa nyuma yake na chai yangu nikimtazama anavyozihariri kwenye kompyuta. Anafifisha kivuli taratibu mpaka jicho la mjusi linatoka gizani, unahisi linakukodolea. Anapunguza ukungu, anakata kijiti kilichojipenyeza pembeni. Lakini kovu haligusi. Kuna kenge alikuwa na kupe shingoni, nikamwambia amtoe, anachafua picha. Akanijibu, "Mama, kupe ni wa mwenyewe. Nimtoe kwa ruhusa ya nani?"

Halafu ikaja picha ya yule nyoka wa kijani, ya jalada la jarida. Alishinda nayo kutwa, akiongeza kijani, akiongeza tena, mpaka nyoka akang'aa kama ndoo ya plastiki. Mkuu wenu alidhani ni utani. "Kenge, huyu umempaka rangi ya mlango?" Watu wakacheka. Yeye akauliza, "Kwani si bado wa kijivu?" Mkuu mwenyewe ndiye aliyenisimulia, hakuweza kuniangalia usoni.

Daktari anasema mishipa ya macho inakufa. Hakuna miwani, hakuna upasuaji. Nilimwambia achukue jicho langu moja ampe mwanangu, akasema haiwezekani. Nikamwambia basi yote mawili. Akanipa maji ya kunywa. Kijani kimeondoka, nyekundu inafuata, na sasa anasoma uso wangu kwa kunisogelea kama anayetaka kuninong'oneza.

Nawashukuru mliombebea mizigo porini na mnaomshika mkono ngazini bila kumfanya ajisikie mgonjwa. Na wewe, mwanangu, nakuombea siku za upole. Umefanya kazi, dunia imeona.

Sherehe mliipanga jioni ya tarehe thelathini. Mimi nimekataa. Jioni haoni kitu, na mwisho wa mwezi ni mbali kwa macho hayo. Tukutane uani mwa ofisi, kwenye jua. Kila mmoja amsogelee karibu, asione haya, asimame hapo mpaka mwanangu ashibe kumtazama. Njooni nyote Jumamosi hii, asubuhi.