Dari ya Kaburu na Bati la Busaa

Ndugu zangu wa Yamumbi, asifiwe Bwana aliyenifikisha hapa nikiwa na kipande safi cha kazi mfukoni!

Mimi ni Petro fundi, mnanijua. Shule niliacha darasa la pili, lakini kutoka Chepsaita mpaka Ainabkoi hakuna anayetengeneza bodi za dari kunishinda. Plasta na katani, basi, nakupa bodi inayopita mbao! Sijivuni, nasema kweli.

Lakini kiburi kilitaka kuniua. Nilikuwa kwa Kaburu mmoja kule Ainabkoi, nikimwekea dari nyumba mpya. Katani inatakiwa ioshwe, ikauke kabisa. Mimi nikaona, ah, mimi fundi! Nikakata majani ya katani kwenye ua, nikaponda, nikatia mbichi na maji yake. Kaburu akaniuliza, “Hii katani nakauka?” Nikasema, “Ndiyo, bwana.” Ndugu zangu, huo ulikuwa uongo!

Maji ya katani hayaachi plasta ishike. Asubuhi ya pili dari yote ilikuwa chini, vipande vipande. Kaburu akafoka: nikishindwa kuirudisha kabla ya Jumamosi, ataniandikia vibaya kwenye kipande, nami nihame shamba na mke wangu na watoto, wimbi letu likiwa bado halijavunwa. Plasta nyingine haikuwepo, mvua ilikuwa imekata reli. Nililia kama mtoto! Nikapiga magoti pale kwenye vifusi, nikasema, “Bwana, nimedanganya.” Halafu nikaenda kumwambia Kaburu ukweli wote. Alinitukana, na Jumamosi hakuisogeza mbele.

Mke wangu, Mama Rebeka, akashika kile kifusi, akakisugua vidoleni. “Baba Rebeka, huu si kama unga uliolowa? Tuukaange.”

“Mama, hii ni dari, si busaa!”

“Na ile iliyoanguka ilikuwa nini?”

 Kabla hatujaokoka, mama huyu alikuwa mpishi wa pombe ya busaa, na lile bati lake la kukaangia unga lilikuwa limelala nyuma ya nyumba tangu tubatizwe. Tukalitoa. Tukatoa katani yote, tukatwanga kifusi kwenye kinu, tukakaanga. Ule unga ulichemka kama uji, halafu ukatulia. Mara Kaburu huyo, mbio!

“Petro! Wewe napika pombe kwa shamba yangu?”

“Hapana bwana, napika dari yako.”

Nikachanganya kidogo na maji mbele yake. Ikapata moto mkononi, ikashika, ikawa jiwe! Haleluya! Kaburu akavua kofia. Safari hii katani niliosha mara tatu, nikaanika juani, na Jumamosi dari ilikuwa juu. Mpaka leo haijapata ufa. Siku hizi watu wananiletea dari kuukuu zilizovunjika, nazikaanga, zinarudi mpya.

Ndugu yangu, kama umekaa hapo na uongo wako, usiufunike. Mwambie Mungu leo, na umwambie uliyemdanganya. Bwana hatupi vipande, anavijenga tena!

Namshukuru Mungu. Na kuna asante nyingine sijawahi kuisema nyumbani, kwa sababu ya hiki kichwa changu kikubwa. Mama Rebeka, simama watu wakuone. Asante, mama.