Historia ya Peres Akoth Ochola, Fundi Aliyekataa Kutia Sahihi

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa mtaa wa Satellite na nyote mliofika, familia imenipa mimi Joyline, mdogo wake Peres, kazi ya kusoma maisha yake kabla ya safari ya kesho ya kwenda kumzika Ugenya, na nitayasoma yote, hata ile sehemu tuliyoombwa turuke.

Peres alizaliwa tarehe 9 Aprili 1983 huko Ugenya, kifungua mimba wa mzee Odero na mama Hannah, akaletwa Nairobi akiwa na miaka minne baba alipopata kazi ya useremala, tukakulia mtaa wa Woodley. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1997 na kidato cha nne mwaka 2001, akaingia chuo cha ufundi hapa mjini, mwanamke peke yake katika darasa la wanaume thelathini na mmoja, akahitimu Novemba 2005 akiwa wa pili, na hadi mwaka huu hakukubali kwamba yule wa kwanza alimshinda kwa haki.

Februari 2006 aliajiriwa na karakana moja ya kuchonga vipuri vya chuma, ambayo jina lake sitalitaja kwa kuwa tuko kanisani. Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na Quincy Ochola, wakajaliwa watoto wawili, Ivyne mwaka 2010 na Bramwel mwaka 2014.

Mashine za pale huongozwa na programu, mistari ya herufi na nambari, na zamani kila saizi ya kipuri ilikuwa na programu yake, ikibadilika milimita moja mnaandika upya. Peres ndiye aliyeandika programu moja ya kutosha saizi zote, penye nambari akaweka visanduku vya kujazwa vipimo, na mwanzoni akaandika mstari wa sharti, kwamba kama kipimo kilichomo ni cha kazi iliyopita, mashine isimame, isisogee. Mstari huo uliwaudhi wenye haraka, na kuna siku mtu aliufuta, akiamini kwamba ukizima mashine na kuiwasha kila kitu hufutika, jinsi tunavyofanya na simu zetu, kumbe visanduku vile hubaki na nambari zake hata stima ikipotea.

Tarehe 17 Mei 2022 mashine ilishuka kwa kina cha kazi ya jana yake, ikajigonga, ikavunjika, kipande cha chuma kikapita karibu na kichwa cha fundi mmoja, na lawama zote akabebeshwa Peres. Aliandikiwa barua ya kukiri kwamba programu yake ilikuwa mbovu, atie sahihi ndipo abaki kazini, akakataa, akafukuzwa siku ya tatu. Aliitwa tena mara mbili, na mara zote mbili aliirudisha barua ikiwa safi kama ilivyotoka kwao, akaendelea kuzunguka karakana ndogondogo akiwaandikia watu programu, na nikiri kwamba hata mimi nilimsihi atie sahihi yaishe, akaninunia mwezi mzima.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 20 Juni msimamizi wake wa zamani, Bwana Makau, alifika wodini, akalia, akasema ni yeye aliyefuta ule mstari na kunyamaza miaka mitatu. Peres alimuuliza kama ameurudisha, akasema bado. "Sasa umekuja kuniambia nini? Enda urudishe hiyo line kwanza, halafu ukuje tuongee." Makau alirudi baada ya siku nne na ungamo alilolitia sahihi, na picha ya programu kwenye simu, Peres akaitazama picha kwanza, akaona ameandika sharti ndani ya mabano ya mviringo, ambayo mashine huyachukua kama maelezo na kuyapita, akamrudisha tena akaweke ya mraba. Tarehe 2 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, dada yangu alituacha.

Wiki iliyopita ofisi ya karakana ile ilileta shada la maua, pamoja na ombi kwamba turuke habari za kufukuzwa kwake, tusome hapa kuwa aliacha kazi kwa sababu za kibinafsi. Shada tumepokea, sentensi hiyo tumeikataa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo bila ruhusa. Bwana Makau, umeketi pale nyuma, asante kwa kusema, na ulichelewa.

Peres hakuacha kazi, alifukuzwa, na kosa halikuwa lake. Dada, sasa pumzika kwa amani, tumelisema mbele ya watu.