Kata Mbili za Bi Mwanasha

Ilikuwa Jumatano, tarehe 14 Februari 1968, saa moja asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika. Mawingu yalikuwa bado yamefunika vilele vya miamba ya Masasi, na njia ya kwenda Chidya ilikuwa tope tupu. Saa hiyo, wasikilizaji wapendwa, Bi Mwanasha binti Fakihi alifariki dunia nyumbani kwake. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, kwa hesabu ya familia.

Neno lake la mwisho lilikuwa swali. Alimuuliza Bwana Sijaona, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu uchanga, "Pumba zimelowa?"

Bwana Sijaona alijibu, "Zimelowa, mama."

Leo tunamkumbuka Bi Mwanasha kwa jambo moja: aliwalisha ng'ombe wake chakula cha mchanganyiko, kwa kipimo, kwa zaidi ya miaka sitini. Kipimo hicho kiliwahi kukaribia kumpeleka kwenye kitanzi. Kipimo hicho hicho kilimwokoa.

Bi Mwanasha alizaliwa Newala, juu kabisa ya uwanda. Wenyeji wa huko mnajua habari ya maji. Zamani mwanamke alishuka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa kali, mtungi kichwani. Kwa hiyo watu wa Newala hawakumwaga maji. Waliyanyunyiza. Mwanasha alipoolewa Masasi na Bwana Nurdini, mfanyabiashara wa nta, alikuja na desturi hiyo. Majirani walimcheka. "Huyu anaosha vyombo kwa matone," walisema.

Nurdini alileta ng'ombe mmoja kutoka Lindi. Walimwita Hidaya. Kiangazi majani yalikauka, na Mwanasha akajifunza kuchanganya. Alichukua maganda ya mbaazi baada ya kupura. Aliongeza maganda ya muhogo yaliyokaa juani siku tatu. Katika chungu kikubwa alitia pumba za mtama na magadi kidogo, akazilowesha. Kisha alichovya tawi lenye majani ndani ya chungu na kunyunyizia makapi hayo, ili yalainike bila kupoteza maji. Pumba zenyewe alizipima kwa kata ya kifuu cha nazi: kata mbili asubuhi, kata mbili jioni. Hakuzidisha.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni mambo mawili hayo. Chungu chenye maji na mtama. Tawi la kunyunyizia.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Masasi. Nurdini alikuwa amechukuliwa na Wadachi, yaani Wajerumani, kuwa mpagazi. Siti, mdogo wake Mwanasha, alijifungua mtoto wa kiume na kufariki siku hiyo hiyo. Mtoto aliitwa Sijaona. Hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye maziwa katika mji ule. Sijaona aliishi kwa maziwa ya Hidaya, yaliyochanganywa na maji ya moto.

Mwezi wa Oktoba, saa nne asubuhi, tarishi wa akida, mtawala mdogo wa Wadachi, alipita uani. Jina lake Muharami. Alimwona mwanamke amesimama mbele ya chungu, anachovya tawi na kunyunyiza. Kila mtu alijua kwamba dawa ya vita ilikuwa maji na mtama, na kwamba ilinyunyizwa. Muharami hakuuliza. Aliondoka mbio. Alirudi na askari wanne wenye kamba ya kunyongea, na ombasha, mkuu wao, mtu mrefu kutoka Usukuma aliyeitwa Safari.

Yaliyofuata Bi Mwanasha alinisimulia mwenyewe mwaka jana, akiwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, na Bwana Sijaona akimsahihisha.

"Shikamoo, baba," Mwanasha alimwambia ombasha.

"Marahaba. Chunguni mna nini?"

"Chakula cha ng'ombe."

Muharami alicheka. "Ng'ombe gani anapikiwa? Kama ni chakula, basi ale chungu chote. Ale sasa, tukiona."

Mwanasha alimtazama Hidaya. Alimtazama mtoto mgongoni mwa jirani. Kisha akasema, "Hapana."

"Umesikia, ombasha? Amekataa. Ni dawa."

Ombasha aliuliza taratibu, "Kwa nini unakataa?"

"Chungu hiki ni cha siku tatu. Akila chote kwa mara moja, tumbo litajaa hewa. Atavimba ubavu huu wa kushoto, na jua likitua atakuwa amekufa. Mtoto huyu atanyonya nini? Kofia yako?"

Askari mmoja aliguna. Mwanasha akachukua kata. "Nitakula mimi," alisema. Alikula kata ya kwanza. Akala ya pili. Pumba zilimkwaruza koo hata machozi yakamtoka.

"Hata dawa yao hunywewa," Muharami alisema. "Hiyo haithibitishi kitu. Labda tungoje tuone kama atacheua."

"Nikicheua," Mwanasha alijibu, kinywa kimejaa, "utakuja kunikamua wewe?"

Askari walicheka. Ombasha hakucheka. Aliweka bunduki yake begani, akachota pumba kwa vidole na kuonja. Kisha akamwambia Mwanasha ampe ng'ombe chakula chake cha kila siku. Mwanasha alipima kata mbili juu ya makapi. Hidaya alikula, akalala chini ya ukingo wa paa, na baada ya muda akaanza kucheua. Ombasha alichuchumaa mbele yake, akahesabu kimya jinsi alivyotafuna tonge moja. Mara hamsini na nne.

Alisimama. "Baba yangu alihesabu hivi," alisema. "Ng'ombe huyu ni mzima. Muharami, mtu mwenye dawa ya vita angemlisha chungu chote ili ajiokoe. Huyu aliona kamba, bado akamhurumia ng'ombe. Ni mfugaji." Akageuka kwa Mwanasha. "Ila magadi yamezidi."

Wasikilizaji wapendwa, tusiseme zaidi ya ilivyokuwa. Ombasha yule alichukua mbuzi wawili wa Mwanasha alipoondoka. Wiki ile ile askari walichoma ghala katika vijiji vya jirani, na njaa ikafuata. Watu wengi walikufa. Katika njaa hiyo Mwanasha aligawa pumba za Hidaya kwa majirani waliokuwa wakimcheka, kwa kata ile ile. Hidaya akabaki na maganda matupu. Maziwa yalipungua, lakini hayakukatika.

Na magadi? Alipunguza.

Miaka mitatu iliyopita Bwana Majaliwa, bwana mifugo kijana, alifika kwake na mizani. Alipima kila kitu, akaandika, akasema, "Bibi, jambo hili nimefundishwa chuoni miaka miwili."

Bibi alimjibu, "Basi walikuchelewesha."

Nakumbuka ua ule wakati wa jioni. Harufu ya pumba zilizolowa na mbaazi kavu. Matone yakigonga makapi. Bi Mwanasha hakuwa na haraka. Nilimuuliza kama aliogopa siku ile. Alisema, "Niliogopa sana. Lakini ningefanyaje? Nilikijua kipimo chake."

Tunatoa pole kwa Bwana Sijaona, kwa Bi Sophia binti wa marehemu, na kwa ndugu wote wa Masasi na Newala. Mwenyezi Mungu amrehemu. Na sisi tuliobaki tujiulize, kila mmoja kwa nafsi yake: ni kiumbe gani ambaye tunakijua kipimo chake namna hiyo?

Bi Mwanasha alizikwa Jumatano hiyo hiyo, saa kumi alasiri, mvua ikinyunya. Baada ya maziko, Bi Sophia alirudi nyumbani na kuwapikia wageni. Bwana Majaliwa alifunga baiskeli yake na kubaki kulala matangani. Majirani walileta kuni. Bwana Sijaona aliingia zizini peke yake. Alichovya tawi, akanyunyizia makapi. Alipima kata mbili kwa kila ng'ombe. Aliosha kata na kuitundika. Kisha akachuchumaa mbele ya mmoja aliyekuwa anacheua, akahesabu hadi hamsini na nne.