Hamdi Alipokonda Nilipiga Vigelegele

Assalaam aleikum, ndugu zangu! Semeni Alhamdulillahi! Tena, kwa sauti! Yule mtoto anayekimbiza mbuzi wa watu pale nje ni Hamdi wangu. Nimekuja kumshukuru Mungu mbele yenu, na hasira pia ninayo. Mtavisikia vyote viwili.

Mwaka ule Hamdi alianza kunenepa. Mashavu, miguu, tumbo. Hapa kwetu, baada ya ukame, nani hataki mtoto mnene? Majirani walinipongeza! "Mashallah, abaayo, dada yetu, maziwa ya ngamia hayo!" Lakini asubuhi macho yalikuwa hayafunguki kwa uvimbe, na mkojo wake ulitoa povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki palepale. Ndugu zangu, huo haukuwa unene. Yalikuwa maji!

Mama mkwe wangu, ambaye namwita eddo, alikuwa na jibu tayari. Kaka yangu alikufa mdogo, amevimba hivyohivyo.

"Ni damu ya kwenu," akasema. "Nilimwambia mwanangu aoe kwingine, hakusikia."

Akatuma watu Hulugho wamlete mzee wa kuchoma tumbo kwa chuma cha moto. Tukimngoja, eddo akawa anamwogesha mtoto kwa sabuni yake nyekundu, ile ya wachuuzi wa kambi ya Ifo, eti inaua vijidudu na kung'arisha ngozi. Mwanzoni ilikuwa ya Ijumaa tu. Sasa akaifanya dawa, asubuhi na jioni! Hamdi akazidi kuvimba mpaka akawa anahema kwa shida.

Mzee akafika, moto ukawashwa. Nilipoona chuma kimekuwa chekundu, nikambeba mwanangu.

"Rudi! Huyo ni mtoto wa ukoo wetu!"

"Na tumbo lililomzaa ni langu! Ukitaka, nifuate!"

Akanifuata kweli, na sabuni yake ndani ya mfuko, mpaka hospitali.

Daktari alipima mkojo, akatueleza polepole. Ndani ya figo mna chujio laini sana. Linapitisha maji na uchafu, linazuia protini isitoke kwenye damu. Chujio la Hamdi lilikuwa linavuja. Protini inaondoka na mkojo, maji yanabaki mwilini, mtoto anavimba.

Eddo hana habari, anatoa sabuni amwogeshe. Daktari akaidaka, akasoma karatasi yake.

"Mama, hii ina zebaki. Ni sumu. Inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo."

"Mimi naiogea kila siku. Mbona sijavimba?"

"Hatukuzaliwa sote na chujio la aina moja. Kuna koo ambazo chujio lao ni dhaifu. Huenda huyu alizaliwa nalo, sabuni ikaja kulimaliza."

Eddo akanigeukia. "Umesikia? Damu!"

"Na wewe umesikia? Sabuni!"

Wauguzi walicheka mpaka wakashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilitaka kumrushia mtu ndoo.

Sabuni ikatupwa, dawa zikaanza, dua hazikukatika. Na Mungu akasikia! Povu likapungua. Maji yakashuka. Asubuhi moja Hamdi akafungua macho yote mawili, akadai chai. Miguu ikawa vijiti, mbavu zinaonekana. Ndugu zangu, mtoto wangu amekonda, na mimi napiga vigelegele wodini!

Sasa mchuuzi wa sabuni akibisha mlangoni kwetu, eddo ndiye anayemfukuza, na matusi yake mnayajua.

Damu ni Mungu anayetupa, hatuichagui. Hiyo mwachieni Yeye, ni mwingi wa rehema. Lakini tunachowapaka watoto tunakichagua wenyewe sokoni! Mtegemeeni Mungu, dada zangu, na mwende hospitali aliyoiweka karibu nanyi. Mtoto wako akiamka na macho yamevimba, usingoje kupongezwa. Mbebe. Na kama mama mkwe amesimama mlangoni, tuma mtu aniite. Nitakuja mimi niongee naye.