Orodha ya Mwaka Huu

DOGO: Haloo? Nani mwenzangu?

KAKA: Yaani sauti ya kaka yako umeshaisahau?

DOGO: Kaka! Namba ngeni, nikajua ni wale matapeli. Shikamoo.

KAKA: Marahaba. Uko saluni, unanyoa?

DOGO: Nina kichwa cha mtu hapa— mzee, usitikisike, nitakutoboa— namalizia. Orodha ya gemu za mwaka umeiona?

KAKA: Nimeiona. Aah, mwaka huu wametupiga.

DOGO: Wametupiga wapi! Mwaka jana ndio ulikuwa jangwa. Gemu moja tu ya maana, ile ya mapanga, na bado ulikuja likizo tukaimaliza. Mwaka huu ziko kibao!

KAKA: Za kujazia gunia.

DOGO: Ya mbio je?

KAKA: Ileile ya mwaka juzi, wameipiga rangi.

DOGO: Ya mpira?

KAKA: Hao kila mwaka wanabadilisha jezi tu.

DOGO: Basi chagua hata mbovu, kaka. Tunachagua moja, unaomba likizo, tunaimaliza pamoja. Si ndiyo kawaida yetu? Mama ameshaanika godoro lako.

KAKA: Mwambie asijisumbue.

DOGO: Haloo? Unakatika—

KAKA: Nasema orodha haina kitu! Siwezi kusafiri siku nzima kwa ajili ya—

DOGO: Na ya mwindaji? Ile ya mwindaji na mbwa wake! Tumeisubiri tangu niko shule!

KAKA: Hiyo ndiyo ovyo kabisa. Ukifika mgodini tu mbwa anakufa, utamu wote kwisha.

DOGO: Mbwa anakufa?

KAKA: ...Si ndivyo wanavyosema.

DOGO: Kina nani? Imetoka juzi. Na mashine yetu haiiwezi, inataka ile mpya.

KAKA: Dogo, sikia—

DOGO: Umenunua mpya.

KAKA: Si yangu, iko huku kwa wakwe. Shemeji alikuwa hana mtu wa kucheza naye, wa kushika pedi ya pili, nikaona—

DOGO: Likizo yako lini?

[mtandao unakwaruza]

DOGO: Kaka. Lini?

KAKA: Niko likizo sasa hivi. Inaisha Jumapili.

DOGO: Ahaa.

KAKA: Usinielewe vibaya, bwana. Nyumbani nikija ni maswali tu. Mama ataanza narudi lini moja kwa moja, baba naye atanuna... Mwakani! Mwakani orodha ni moto, nimesoma—

DOGO: Mwakani.

KAKA: Kweli tena! We mwambie mama kazi zimenibana.

DOGO: Mwambie mwenyewe.

KAKA: Dogo, usiwe hivyo, mimi ni kaka ya—

DOGO: Haya, salio linaisha. Wasalimie wakwe zako.

KAKA: Salio gani? Si mimi niliyepi—