Siku Nilipomwambia Susu Kwamba Sijui

Bwana asifiwe, kanisa. Wale wa nyuma naomba muitikie pia, maana nyinyi ndio mliokuwa mkiniletea simu zenu kabla hata mchungaji hajamaliza kutoa baraka. Asanteni. Naitwa Mbithe, ingawa wengi mnaniita Fundi, yule wa kibanda cha kutengeneza simu pale soko la Kathonzweni, karibu na wauza ndengu. Nimeokoka, nampenda Yesu, na leo nimesimama kuwaambia jinsi alivyoniokoa kutoka kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndugu zangu, nilipofungua kile kibanda miaka kumi na moja iliyopita, wanaume walikuja kunitazama tu. Mmoja aliniambia nirudi nishike mwiko, bisibisi niwaachie wenyewe. Nilikasirika mpaka nikaapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayenisikia nikisema sijui. Na kweli hakuna aliyenisikia. Ukiniuliza kwa nini chaji inaisha haraka, nina jibu. Ukiniuliza kama ile meseji ya kwamba umeshinda zawadi ni ya kweli, nina jibu. Kuna mwalimu hapa, namwona anacheka, simu yake ilianguka kwenye karai la maji. Nilikuwa nimesikia watu wa mjini huweka kwenye mchele. Yeye mchele hakuwa nao, nikamwambia aizike kwenye mahindi siku tatu. Mahindi, ndugu zangu! Ile simu ilitoka na fukusi ndani, na mimi nikamwambia hiyo ni kawaida.

Hiyo ya mahindi tunaweza kuicheka. Nitakayowaambia sasa hayachekeshi.

Mnamjua Susu Kalunde. Susu kwetu ni nyanya, na huyu ni susu wa kanisa zima. Mtoto aliyebaki naye ni mmoja tu, Mutinda, aliyeenda Saudi kufanya kazi ya udereva. Kila Jumapili jioni Mutinda alimpigia mamake. Hata pesa za dawa ya presha zilikuja kupitia simu hiyo hiyo.

Siku moja ya soko Susu akaja kibandani. Simu ilikuwa nzima, lakini laini ilikuwa imekataa. Kwenye skrini palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo sikuwahi kuyaona. Kibanda kimejaa watu, wote wananiangalia mimi. Nikasema laini imekufa. Nikachukua mkasi nikaikata vipande viwili mbele yao, ili waone fundi anajua kazi. Nikamuuzia nyingine, yenye namba mpya. Susu akaniuliza, "Na Mutinda atanipata kwa hii?" Nikamjibu, "Atakupata tu, Susu. Hii mitambo inajua kumtafuta mtu."

Namba ya Mutinda ilikuwa imewekwa ndani ya ile laini niliyoikata. Mimi sikuuliza hata hilo.

Mutinda hakupiga tena. Kila siku ya soko Susu alikuwa akinijia na simu imefungwa kwa leso, niiangalie kama ni mgonjwa. Nami namwambia iko sawa, shida ni netiweki ya huko Saudi. Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine. Watu wakaanza kusema Mutinda ameoa huko akasahau mamake. Wengine wakanong'ona kwamba alikufa. Susu akasimama hapa mbele akaomba kanisa limwombee mtoto wake, na sote tukapiga magoti. Mlinisikia. Mimi ndiye niliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi Mungu akamleta mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Tseikuru. Simu yake ilikuwa na maneno yale yale ya Kiingereza. Nikashika mkasi. Yule mzee akaniambia, "Mama, hebu weka hicho chuma chini kwanza," akapanda gari akaenda mjini Wote, kwenye ofisi ya kampuni ya simu, na kitambulisho chake. Alasiri alirudi laini ikifanya kazi. Aliambiwa laini ilizuiwa kwa sababu usajili haukuwa umesasishwa, wakaangalia kitambulisho, wakaifungua hapo hapo. Alinieleza vizuri tu, bila kunidharau, ili nisaidie wengine.

Nilifunga kibanda watu wakiwa bado kwenye foleni. Ndugu zangu, niliomba, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikiomba Mungu aniambie yamepita, niyaache. Hakuniambia hivyo. Kila nikifumba macho namwona Susu na ile leso. Nikajua msamaha wangu uko kwake nyumbani, na kwamba sitaupata nikiwa nimekaa kwangu.

Nilimkuta akipepeta ndengu. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungumza habari za mvua. "Susu, ile laini yako haikuwa imekufa. Mimi sikujua ilikuwa na nini, nikaikata."

Akaweka uteo chini. "Kwa hivyo mtoto wangu amekuwa akinipigia?"

"Sijui, Susu."

Akasema, "Na mimi nilikuwa nikikuombea wewe ubarikiwe." Nililia, siwafichi. Yeye hakulia. Akaniambia, "Kama hujui, nenda ukajue."

Namba yake ya zamani, ile ya laini niliyoikata, haikuwa kichwani mwake. Lakini Mutinda alipokuwa akiondoka aliiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa jikoni, ili jirani yeyote aweze kumsomea. Moshi ulikuwa umeifunika. Nikaipangusa polepole, nikapiga nikiwa hapo hapo.

Akapokea mwanamke, sahani zikigongana nyuma yake. Ana hoteli ndogo Mtito Andei. Kumbe laini ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine, na yeye ndiye aliyeuziwa namba ya Susu. Kabla sijamaliza kujieleza akasema, "Ngoja. Wewe ni wa yule mwanaume wa Jumapili?"

Nikamuuliza mwanaume gani.

"Kuna mtu hunipigia kila Jumapili jioni kutoka nje. Nimemwambia mara nyingi mama yake siye mimi. Husema samahani, anakata, na Jumapili ijayo anapiga tena. Nimeshindwa kumfungia, anaongea kwa adabu sana."

Alikuwa na namba yake. Nikaiandika mkononi kwa sababu karatasi sikuiona. Nikapiga, nikamwekea Susu simu sikioni. Mutinda alikuwa ameibiwa simu, na namba pekee aliyoijua kichwani ilikuwa ya mamake. Aliposikia sauti nyingine pale, alidhani mama amezikwa na simu yake imeuzwa. Lakini bado aliendelea kupiga. Susu alipoisikia sauti ya mtoto wake, hakumuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza kama amekula.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Namshukuru kwa yule mzee wa mbuzi, na kwa yule mama wa Mtito Andei ambaye hakumtukana mtu asiyemjua. Namshukuru Susu, ambaye amenisamehe, ingawa simu yake siku hizi anaipeleka kwa fundi mwingine, na ana haki. Mimi niko huru. Neno sijui nalisema mchana kweupe, kwenye kibanda kimejaa, na sijaona mteja akikimbia. Leteni maswali yenu. Lile nisilolijua tutaenda Wote pamoja tukaulize wanaolijua.

Na wewe uliyemjibu mtu jambo usilolijua, mtu ambaye aliondoka akiamini, usingoje ibada ya jioni. Mwamini Yesu, amka uende kwake leo. Utaogopa mpaka mlangoni, halafu utapewa nguvu. Mimi nilipewa.

Nina jambo moja, kisha nakaa. Susu yuko pale benchi la tatu, kama kawaida yake. Huyo kijana aliyekaa kando yake na shati jeupe alifika Ijumaa. Mutinda, simama kanisa likuone.