Fernande, Gilberte na Maji ya Sainte-Rosaline

Wapendwa waombolezaji, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mkae popote mlipopata nafasi, hata kama jirani yako ni mtu mliyenuniana naye kwa sababu ya maji ya bomba, maana marehemu mwenyewe aliyamaliza hayo kabla ya kuondoka.

Marehemu Fernande Desrosiers alizaliwa tarehe 6 Novemba 1939 hapa Sainte-Rosaline, Quebec, binti wa pili wa mzee Ovila Lacoursière, seremala, na mkewe Albertine, akimfuata dada yake Gilberte kwa miaka miwili, na wawili hao walikuwa chanda na pete. Alisoma shule ya watawa hadi mwaka 1955, akafundishwa hesabu, kushona na kunyamaza, ingawa hilo la tatu halikumkaa.

Tarehe 22 Machi 1958, zikiwa zimebaki wiki saba dada hao waolewe siku moja, baba yao aliwapeleka kwa daktari wakang'olewa meno yote, mabovu na mazima, kwa kuwa desturi ya wakati ule ilikuwa bibi harusi apewe na babake zawadi ya meno ya bandia, ili mume asije akahangaika naye baadaye, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Tarehe 10 Mei Fernande aliolewa na Armand Desrosiers, mkata magogo, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2004, wakajaliwa watoto wanne, Réjean, Lisette, Normand na Colombe.

Kuanzia mwaka 1969 hadi 1999 alikuwa mpishi wa shule ya msingi, ambako aliona watoto wakilia kwa jino mpaka supu ya njegere ikapoa mbele yao, na alipochaguliwa diwani mwaka 2005 hakuwa na hoja nyingine ila floridi, yale madini yanayotiwa kidogo kwenye maji ya mji ili meno yasioze. Baraza lilipitisha hoja yake tarehe 5 Machi 2012, na tangu siku hiyo Gilberte, aliyewaongoza wapinzani, hakumsalimia tena, akawa anachota maji yake kwenye chemchemi iliyo kilomita kumi na mbili kutoka hapa. Tarehe 2 Oktoba 2016 mji ulipiga kura, floridi ikaondolewa kwa tofauti ya kura arobaini na moja, lakini aliyeshinda hakubisha hodi na aliyeshindwa hakumwalika, maana watoto wa Ovila wote ni vichwa vigumu.

Septemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na kwa kweli kilichotutisha sisi watoto wake si kifo chenyewe, ila kwamba angekufa amenuna. Tarehe 19 Februari 2023 Gilberte aliingia chumbani bila taarifa, akaketi na koti lake, akasema, "Fernande, mimi sikukataa meno ya watoto. Nilikataa kutoulizwa, kama siku ile ya baba."

Marehemu akamjibu, "Na mimi, dada, kwa ajili ya siku hiyohiyo nilitaka watoto wazeeke na meno yao."

Walicheka hadi muuguzi akaja mbio akidhani mtu amepaliwa, na kuanzia hapo Gilberte alikuja kila siku, wakabishana juu ya floridi kwa raha zao, wala hakuna aliyebadili msimamo.

Jumapili ya tarehe 12 Machi Gilberte alimwinamia akamwuliza, "Mdogo wangu, utazikwa na meno ya bandia, au bila?" Marehemu akasema, "Bila. Asante kwa kuniuliza." Jumanne, tarehe 14 Machi, saa tatu asubuhi, alituaga taratibu, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake, na sisi tunalia, lakini mioyo imetulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta pai za nyama kushinda uwezo wetu wa kuzila, wapishi wenzake wa shule, na madiwani wa pande zote mbili.

Pumzika, Mama, umeulizwa, umejibu, na tumefanya ulivyosema.